Kumsafirisha mtoto kwa ndege hadi kambi ya kiangazi Maine: tathmini ya huduma ya watoto wanaosafiri bila mzazi

Mzazi anayelipa dola 150 juu ya nauli ili mtoto wake asafiri bila mtu wa nyumbani ana haki ya kujua fedha hizo zinanunua nini. Tumeitumia huduma hiyo kumpeleka binti yetu wa miaka 11 kwenye kambi ya kiangazi katika jimbo la Maine na kumrudisha nyumbani Maryland, na ninaloweza kulisema kwa uhakika ni kwamba kinachonunuliwa ni makabidhiano. Mtu anayejulikana kwa jina anamtoa mtoto, mwingine anayejulikana kwa jina anampokea, na katikati kila mkono anaoupitia unaacha sahihi. Kwa kipimo hicho huduma ni nzuri na ninaipendekeza, ila mzazi ajue mapema kwamba nusu ya kazi iko kwa kambi yenyewe, na huko shirika la ndege halina amri.

Tulichagua ndege kwa sababu ya umbali. Kutoka Silver Spring, mji wetu wa Maryland ulio jirani na Washington, hadi maziwa ya kusini mwa Maine ni zaidi ya maili 500, na Jumamosi za kiangazi barabara ya I-95 hufurika magari kuanzia New Jersey hadi Connecticut. Kambi nyingi za Maine hukodi mabasi ya kuchukua watoto kutoka maeneo ya New York na Boston, walezi wa kambi wakiwa ndani yake, na familia inayoishi huko haina haja ya kutafuta njia nyingine, kwa kuwa mtoto huwa mikononi mwa kambi tangu anapopanda ngazi za basi. Sisi tulio kusini zaidi hatuna nafasi hiyo. Treni nayo haifai: Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kusafiri bila mtu mzima, na wa miaka 13 hadi 15 humruhusu kwa masharti, likiwamo la kutobadilisha treni njiani. Treni za kutoka Washington huishia South Station jijini Boston, ilhali ile ya kwenda Maine huanzia North Station, kituo kingine kabisa cha jiji hilohilo, hivyo hata kijana wa miaka 14 hawezi kufika kwa njia hiyo akiwa peke yake.

Serikali ya Marekani haijaweka utaratibu mmoja wa huduma hii; kila shirika la ndege hujiwekea wake, na tofauti zao zinagusa mfuko wa mzazi moja kwa moja. American, Delta na United hutoza dola 150 kwa safari ya upande mmoja, na huduma ni ya lazima kwa mtoto wa miaka 5 hadi 14 anayesafiri peke yake. Southwest hutoza dola 100, lakini kwao huduma huishia umri wa miaka 11, na mtoto wa miaka 12 huhesabiwa kuwa msafiri kijana asiyekabidhiwa kwa mtu yeyote. Mzazi mwenye watoto zaidi ya mmoja asome masharti kwa makini: American hutoza ada moja kwa ndugu wanaosafiri pamoja, Delta ada moja kwa hadi watoto wanne, na United ada moja kwa kila watoto wawili. United na Southwest hazimchukui mtoto wa huduma hii kwenye safari ya kubadilisha ndege, ilhali American na Delta humruhusu kuanzia umri wa miaka 8 kupitia baadhi ya viwanja. Ningemshauri mzazi yeyote asiikubali ruhusa hiyo pale ambapo ipo ndege ya moja kwa moja, maana kila kiwanja cha katikati kinaongeza makabidhiano mawili, na ndipo mambo yanapoweza kuharibika. Ada hubadilika, kwa hiyo ziulizwe upya kabla ya kukata tiketi.

Shirika tulilolitumia lilitaka tiketi ikatwe kwa simu. Nililiona jambo hilo kuwa usumbufu hadi mhudumu alipoanza kuniuliza, kwa utaratibu na bila haraka, jina la atakayemleta mtoto, jina la atakayempokea, anwani zao na namba zao za simu, kisha mambo yayo hayo kwa safari ya kurudi. Hapa ninawasihi wazazi wenzangu wanaotoka Afrika Mashariki wawe waangalifu. Wengi wetu tuna majina matatu, letu, la baba na la babu, na hati zetu hazikubaliani: pasi ya kusafiria ina yote matatu, leseni ya udereva ya Maryland ina mawili, na shuleni mtoto anajulikana kwa mpangilio wa tatu. Kwenye kaunta mhudumu hukiweka kitambulisho kando ya fomu na kulinganisha jina kwa jina. Jina linaloandikwa kwenye fomu liwe lile lililo kwenye kitambulisho kitakachoonyeshwa siku hiyo, hata kama si lile ambalo mtu amezoea kuitwa.

Siku ya safari kazi huanzia kaunta, kwa hiyo familia ifike mapema kuliko kawaida. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hahitaji kitambulisho kwenye ukaguzi wa safari za ndani ya Marekani, lakini mzazi anahitaji, kwa kuwa hupewa kibali maalumu cha kuingia naye hadi lango la ndege. Tangu tarehe 7 Mei 2025 leseni ya udereva isiyotimiza viwango vipya vya serikali kuu haitoshi tena kwenye ukaguzi huo. Pasi ya nchi nyingine, ikiwamo ya Tanzania au Kenya, inakubalika. Binti yetu alivishwa shingoni mfuko wa plastiki wenye kamba, fomu ikiwa ndani, imekunjwa ili jina la mpokeaji lionekane bila mfuko kufunguliwa. Langoni tulimkabidhi kwa mhudumu aliyemwita kwa jina lake, akatia sahihi mbele yetu na kumpandisha kabla ya abiria wengine. Mzazi haruhusiwi kuondoka hadi ndege iruke. Sharti hilo ni la haki kabisa, kwa sababu ndege inaweza kusogea kutoka langoni kisha ikarudi kwa hitilafu, na wakati huo mtoto hana mwingine wa kumpokea.

Mama yangu aliyeko Tanga aliniuliza kwenye simu jambo moja tu: anakabidhiwa kwa nani? Ni swali la mtu aliyewahi kumpakia mtoto kwenye basi la kwenda Korogwe na kumwambia kondakta amshushe kwa shangazi yake, akijua kwamba kondakta, shangazi na nusu ya abiria wanafahamiana. Katika uwanja wa ndege hakuna anayemfahamu mwenzake, na fomu ile ndiyo inayobeba dhamana ambayo kule hubebwa na kufahamiana.

Nguvu ya fomu hiyo tuliiona kwenye uwanja wa ndege wa Portland, Maine, ambako binti yetu alishukia. Kambi ilikuwa imetupa jina la mlezi atakayempokea, kisha asubuhi ileile ikabadilisha zamu na kumtuma mwingine bila kutuarifu. Mlezi huyo alifika akiwa amevaa fulana ya kambi, ana orodha ya watoto mkononi na gari lenye nembo linangoja nje. Mhudumu wa ndege alikataa kumpa mtoto. Alitupigia simu, akataka uthibitisho wetu, akaandika jina jipya, akakagua kitambulisho chake, ndipo akamwachia. Watoto wengine waliokuwa wakisubiri kwenye gari walichelewa, na nilisikitika kwa ajili yao, lakini kukataa kule ndicho kitendo ninachokithamini kuliko vyote katika safari nzima. Lawama yangu ni kwa kambi. Wazazi wanaolipa gharama ya kuchukuliwa uwanjani, ambayo kwa kawaida hudaiwa kando ya ada ya kambi, wanastahili kupewa majina mawili ya wapokeaji, na kupewa wiki kadhaa kabla.

Ndani ya ndege uangalizi ni wa kiasi. Wahudumu humwonyesha mtoto kiti chake na kumpitia mara kwa mara, lakini hawaketi naye wala hawampi dawa. Binti yetu ana pumu, kwa hiyo kifaa chake cha kuvuta dawa kilikaa kwenye begi la mkononi na si kwenye mzigo, naye alikuwa amefundishwa kukitumia bila msaada. Mtoto asiyeweza kujihudumia kwa jambo la namna hiyo sidhani huduma hii inamtosha, hata kama umri wake unaruhusu. Simu nayo ni ya kufikiriwa mapema. Kambi nyingi huzikataza, na mtoto anayesafiri bila simu lazima awe na namba za nyumbani kwenye karatasi, ikiwezekana azijue kwa moyo. Kuhusu mizigo sina mengi: begi kubwa la kambi lililojaa hukaribia kilo 23, uzito ambao mashirika mengi huuwekea mpaka, na ni nafuu kulituma kabla ya safari.

Safari ya kurudi ndiyo inayohitaji uamuzi wa busara wakati wa kukata tiketi. Julai na Agosti mvua za radi hujikusanya mchana katika pwani ya mashariki, na ndege za jioni ndizo zinazochelewa au kufutwa zaidi. Ndege ya asubuhi kutoka Portland ina maana kwamba kambi itamwamsha mtoto alfajiri, na yetu ililalamika kidogo, lakini tulishikilia, kwa sababu ndege ya asubuhi ikifutwa bado ipo nyingine siku hiyohiyo na mlezi bado yuko uwanjani. Ndege ya jioni ikifutwa, mtoto hulala katika mji asioujua chini ya uangalizi wa watu asiowajua. Mlezi aliyemleta naye alitakiwa kusubiri hadi ndege iruke, kama tulivyotakiwa sisi, na jambo hili inafaa kuiuliza kambi waziwazi, kwa sababu mlezi mwenye watoto wa ndege tatu tofauti hawezi kuwa kwenye malango matatu.

Kwa dola 300 za kwenda na kurudi, mbali na nauli, huduma hii si rahisi. Mzazi anayeweza kwenda mwenyewe hadi Portland na kurudi siku ileile atumie hesabu yake, maana tiketi yake pengine itakaribia gharama hiyohiyo. Sisi wenye zamu za hospitali zisizobadilishwa hatukuwa na uwezo huo, na kwa msimu ujao tumekwisha kuiandikia kambi kutaka mambo matatu kabla ya kulipa amana: jina la mpokeaji na la msaidizi wake kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, namba ya simu inayopokewa na mtu siku nzima ya safari, na ahadi ya maandishi kwamba hakuna mabadiliko ya zamu yatakayofanywa bila sisi kupigiwa simu kwanza.