Sultanahmet kwa miguu: saa ya mwisho ndiyo iliyonilipa

Nililipia matembezi ya nusu siku Sultanahmet, mji mkongwe wa Istanbul, tukiwa kikundi cha watu wanane. Tangazo liliahidi kwamba hatutapanga foleni. Hapo nililalamika na bado nalalamika: tiketi tulikuwa nazo mkononi, lakini ukaguzi wa usalama pale Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, hauna njia ya mkato, tukasimama juani karibu saa nzima. Wangetuambia ukweli mapema, tungeamka alfajiri.

Aliyeiokoa siku ni mwongozaji wetu. Siku hizi mtalii hupelekwa ghorofani kwa euro 25, anayekuja kuswali huingia chini bila malipo. Tulipofika juu akatusihi tuache kuba kwanza, tutazame zulia. Mistari ya safu za swala inalikata jengo mshazari, na mihrabu imesogea kando, haiko katikati. Kaizari Justinian alilijenga kati ya 532 na 537 liwe kanisa, likaelekea mashariki, na Makka iko kusini-mashariki. Sultani Mehmed II alipoligeuza msikiti mwaka 1453, kuta zilibaki, zikapindishwa safu tu. Niliitazama ile pembe mpaka wenzangu wakaniacha nyuma.

Birika la Yerebatan, hifadhi ya kale ya maji iliyo chini ya ardhi, lina nguzo 336 na linapendeza, ila wapiga picha hawakupi nafasi. Dakika 20 zinatosha. Msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita tuliupitia haraka, watu walikuwa wengi mno.

Kisha tukateremka vichochoro vya kuelekea baharini, kelele zikakatika. Msikiti wa Sokollu Mehmed Pasha ni kazi ya Sinan, msanifu mkuu wa Waothmani, ya karne ya 16. Ukuta wa kibla umejaa vigae vya mji wa İznik vya buluu na kijani, na ule wekundu wake umevimba juu ya kigae, unauona kwa jicho bila kugusa. Mzee anayetunza msikiti akatuonyesha juu ya mlango: ndani ya fremu ndogo ya dhahabu kuna kipande cheusi, wanachosema kimetoka kwenye Hajar al-Aswad, lile jiwe jeusi la Kaaba. Nilinyamaza kimya. Sikutegemea kukikuta kitu kama kile mtaani, pasipo kiingilio wala mlinzi.

Tukamalizia Küçük Ayasofya, yaani Ayasofya Ndogo, msikiti uliokuwa kanisa la watakatifu Sergius na Bacchus. Maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye marumaru bado yanauzunguka ukumbi, yakimsifu Justinian na mkewe Theodora. Chini yake kijana mmoja alikuwa anaswali alasiri.

Nawapa nyota nne, ya tano imeliwa na foleni. Akina dada bebeni mtandio, wote vaeni viatu vyepesi kuvua, na Ijumaa mchana msiende. Kabla ya kulipa kampuni yoyote, uliza kama watawateremsha mpaka kwa Sokollu. Wakisema ratiba inaishia juu, kwenye uwanja wa Sultanahmet, tafuta wengine.