Lile darasa la Kiingereza cha barua hapa Malindi, hela inafaa au la?

Naona watu wanauliza sana kuhusu lile darasa la jioni upande wa mji wa zamani, lile la juu ya duka la vitambaa, basi mie nimesoma pale na acha niseme kirefu manake hela siku hizi ngumu na mtu hafai kulipa kwa kubahatisha. Kwa upande wangu inafaa sana. Lakini si kwa kila mtu.

Kwanza mjue si Kiingereza cha kuongea. Kama wataka cha kupiga stori na wageni ufuoni utaboeka, na hicho kusema kweli Malindi hakitusumbui, tangu Wataliano walipokuja na mambo yao ya kurusha setilaiti kule Ngomeni miaka ya 60 watu hapa wamezoea lugha za wenzao, mtu anakutajia bei kwa Kiitaliano na shule hakwenda. Kinachotusumbua ni karatasi. Katiba ya 2010 yasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, lakini ikija barua ya kodi, ya benki, ya bima au ya shamba, utakuta ni Kiingereza kitupu juu mpaka chini, tena kile kizito.

Mwalimu ni mama mtu mzima, alikuwa sekritari miaka mingi, na mtindo wake ni kuchukua kitenzi kimoja tu na kukaa nacho mpaka kiishe. Nilikuwa nimeshalipa kwengine mjini, pale tulipewa orodha ndefu ya maneno na maana yake pembeni tukariri, yaani hata moja sikuweza kulitumia. Huyu mama hakupi orodha. Siku ya furnish alikuja na barua ya kweli, majina yamezibwa, akaibandika ubaoni, imeandikwa Kindly furnish this office with copies of the following documents. Akauliza maana. Darasa zima tukajibu kwa pamoja ni kuweka fanicha, manake nani hapa hajaona matangazo ya vila za Casuarina yameandikwa fully furnished? Akatutazama, akasema, "Sasa wanangu, ofisi yataka mupeleke makochi?" "La, Mwalimu!" Hapo ndo akaanza kazi.

Akatueleza kwamba kitenzi chenyewe ni kumpatia mtu kile anachohitaji, nyumba ikihitaji vitanda na viti basi hivyo ndo vyatiwa, ofisi ikihitaji nakala, risiti, ushahidi au maelezo, basi hayo ndo yapelekwa, kwa hivyo ni kitenzi kilekile kimoja. Kisha akawasimamisha watu watatu mbele na vipande vya manila, mmoja ameshika this office, wa kati with, wa mwisho copies, akamwambia yule wa kati akae, akatuuliza sentensi iko sawa? Nusu ya darasa tukasema sawa. Kumbe hapo ndipo tunapoanguka sie Waswahili, manake kwetu kitenzi chabeba kila kitu chenyewe, tupatie nakala, tuletee risiti, hakuna neno la kuunga katikati, ndo mkono waandika furnish us the receipts bila kushtuka. Provide akasema yafuata njia hiyohiyo, ukimtaja anayepewa kwanza tia with kabla ya kitu, lakini give haitaki. Na ukitaja kitu peke yake with haina kazi, yaani furnish proof, furnish details, imetosha.

Kisha akatuonya kuhusu failed to furnish. Ukiiona hiyo kwenye barua usiiweke kando mpaka kesho, maana yake ulitakiwa upeleke kitu na kwa hesabu zao hukupeleka, mara nyingi ndo sababu wanayoitaja wakikunyima malipo au wakikukatia ombi, kwa hivyo tafuta haraka ile barua ya kwanza uangalie tarehe. Jirani yetu mmoja alikuwa na barua kama hiyo ya bima imelala kwenye droo, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari, akaelewa walichokuwa wakitaka ni risiti zenyewe wala si kopi.

Pia anakufundisha usilitumie wapi, na hili kwengine sikulipata. Huwezi kumwandikia dadako furnish me with salt, atashangaa. Hata ukijibu ile barua huna haja ya kurudisha neno lao, andika I enclose the copies you requested, yaani naambatisha nakala mulizoomba, basi. Kwa nini Kiingereza kina maneno mawili mawili hivi? Akasema Wanormandi waliteka Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kikakaa mahakamani na kwa wakubwa muda mrefu, ndo buy ikabaki sokoni na purchase, nayo ni kununua lakini ya Kifaransa, ikaenda ofisini, begin na commence (kuanza) vilevile, na furnish nayo yatoka huko kwa Wafaransa. Mzee mmoja akadakia, kama sie na sheria, hakimu na mahakama kutoka Kiarabu. Mwalimu akafurahi, akaandika yote ubaoni.

Kasoro zipo. Chumba ni joto, feni moja watu tele, fotokopi zimefifia mpaka mstari wa chini unabahatisha, na matamshi hayagusi kabisa, kwa hivyo utajua kuliandika neno na kwa simu bado utasita. Kazi za nyumbani pia anachelewa kurudisha na hili nilimwambia.

Ni 200 kwa kipindi, unalipa ukija. Inaanza baada ya Alasiri na inaisha kabla ya Maghribi ili kina mama wawahi nyumbani. Na kama unayo barua imekukwama ipeleke, lakini ziba jina na namba ya kitambulisho kwanza, manake ataibandika ubaoni kila mtu aisome.