Nyerere wa 1965 na Magufuli wa 2017: siasa za nyumbani zilivyowabeba huko nje

Hapa Dom ukigusa siasa za nje watu wanadhani zinapangwa na mabalozi huko Dar, kumbe mzizi uko nyumbani. Chukua Nyerere. Desemba 1965 akavunja uhusiano na Uingereza kisa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi weupe walijitangazia uhuru na Waingereza wakashindwa kuwazima, mkopo wa Waingereza ukaota mbawa, uhusiano ukaja kurudi 1968. Aliwezaje? Mwaka huohuo wa 1965 nchi ilishakuwa ya chama kimoja, hakuna chama pinzani cha kumsulubu bungeni, na TANU, chama chake, ilijiona chama cha ukombozi, ndo maana hata Kongwa hapa jirani kulikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia.

Magufuli ngoma nyingine kabisa. Kaingia 2015 na asilimia 58 hivi, ushindi mwembamba kwa viwango vya CCM, upinzani umechangamka na watu wamechoka ufisadi. Machi 2017 akazuia makinikia (mchanga wenye dhahabu) yasitoke nchini, akakomaa na kampuni ya migodi ya Acacia mpaka wenye mali, Barrick wenyewe, wakaja mezani, serikali ikapata asilimia 16 ya Twiga, kampuni ya ubia na Barrick, mkataba ukasainiwa Januari 2020, mwaka wa uchaguzi (mnanielewa). Safari alibana, nje ya Afrika hakwenda kabisa akiwa rais, na hiyo nayo ilikuwa kampeni tosha.

Kwangu mimi Nyerere alihatarisha zaidi, maana hela iliondoka kwa ajili ya nchi ya watu wengine. Ila ya Magufuli ndo iliyoeleweka fasta kijiweni pale Jamatini: dhahabu yetu, basi. Rhodesia ungeielezea nusu saa.