Bluzi za mwanzo za Chess Records: ukiwa na hela ya moja tu, uchukue ipi?

Wakuu, watu wengi wakitaka kuingia kwenye bluzi (blues, muziki wa Wamarekani weusi) za Chicago wanabeba CD yoyote yenye picha ya mzee kashika gitaa, kumbe ndani nyimbo zimerudiwa miaka ya mbele huko, nguvu imeshapungua, halafu mtu anasema bluzi inaboa. Mzigo wenyewe ni ule wa Leonard na Phil Chess, ndugu wawili waliotoka Poland wakiwa watoto. Leonard aliingia ubia kwenye lebo ya Aristocrat mwaka 1947, na 1950 ikabadilishwa jina ikawa Chess.

Kabla hujatoa hela elewa hivi: zile nyimbo zilirekodiwa ziwe singo, santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, dakika tatu hivi, tena mono (sauti ya chaneli moja, sio stirio). Albamu zao za kwanza za bluzi zilikuwa ni singo zilizokusanywa, kwa hiyo usidharau mkusanyiko, ndo zilivyotoka hivyo tangu mwanzo.

Namba 1: The Best of Muddy Waters (1958). Nyimbo 12 na sioni hata moja ya kuruka. Sikiliza Rollin' Stone ya 1950, Muddy yuko peke yake na gitaa la umeme, hamna ngoma, hamna besi, anapiga kidogo anaacha, anaimba, anapiga tena, na bado wimbo umejaa (wale Rolling Stones wa Uingereza jina walilitoa hapo). Halafu rukia Hoochie Coochie Man ya 1954, utunzi wa Willie Dixon: bendi nzima inapiga pigo, inanyamaza ghafla, inamwachia Muddy atambe mstari mmoja, inapiga tena. Mimi nikisikia ule ukimya katikati bado nasisimka. Ukiwa na hela ya kitu kimoja, chukua hii na usiulize mtu.

Namba 2: Howlin' Wolf, albamu mbili kwenye CD moja. Moanin' in the Moonlight ya 1959 pamoja na ile ya 1962 yenye kiti cha kubembea kwenye kava. Nyimbo zake za kwanza, 1951, alirekodi Memphis kwa prodyuza Sam Phillips, kabla hata Elvis hajajulikana, ndo Chess wakazitoa. Sauti ni ya kukwaruza kwelikweli, wengine inawatisha, na hiyo ndo sababu pekee ya kuiweka ya pili. Smokestack Lightnin' ya 1956 haibadilishi kodi (chord, zile noti zinazopigwa pamoja) mwanzo mpaka mwisho, gitaa linazunguka palepale na jamaa analia juu yake.

Namba 3: Little Walter, His Best (1997). Huyu alikuwa anashika maiki na harmonika pamoja kwenye viganja, sauti inapita kwenye amplifaya inatoka nene karibu kama saksafoni. Juke ya 1952 haina hata neno moja la kuimba na ilikaa namba moja kwenye chati ya R&B wiki 8.

Namba 4: Sonny Boy Williamson, Down and Out Blues (1959). Tamu sana, ila angalia, Sonny Boy wako wawili! Wa kwanza, John Lee Williamson, aliuawa 1948 na hakuwa wa Chess. Unayemtaka hapa ni Rice Miller, na muuzaji asiyejua anawachanganya hivihivi.

Boksi la Muddy la CD tatu, lile la 1989 lenye nyimbo 72, ni zuri mno lakini subiri kwanza hiyo namba 1 ikukolee.

Za kukwepa kwa kuanzia: Electric Mud ya Muddy ya 1968, na zile Wolf alizorekodi London na akina Eric Clapton, sio kwamba ni takataka, ila hizo ni stori nyingine kabisa.

Na kwa wanaotafuta santuri za mtumba: toleo likiandikwa kwamba limegeuzwa stirio kielektroniki liache, sauti inakuwa kama iko bafuni, tafuta mono. Pia ukikuta Sail On ya Muddy au Evil ya Wolf, zote za 1969, usidhani ni albamu mpya, ni The Best of Muddy Waters na Moanin' in the Moonlight zilizobadilishwa jina na kava, utalipa mara mbili nyimbo zilezile.