Seti ya bisibisi yenye ncha za kubadilisha: uzoefu wangu

Seti hii nimeifanyia kazi nyingi za nyumbani, na nitaisifu kwanza kwa jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii: ndani yake kuna ncha mbili za msalaba, PH2 (Phillips) na PZ2 (Pozidriv), 2 ikiwa ni saizi, na kila ncha imechongwa jina lake kwenye chuma, si kupakwa wino unaofutika.

Zote mbili tunaziita nyota, lakini skrubu zake ni tofauti. Tazama kichwa cha skrubu. Ukiona vijistari vyembamba vinne katikati ya mikono ya msalaba, hiyo ni PZ. Kingo za ncha yake zimesimama karibu wima, kwa hiyo inakaa na kushika. Za PH zimelala kama mteremko, na ukikaza kwa nguvu bisibisi inapanda na kutoka. PH itaingia kwenye skrubu ya PZ, tena itazunguka, kisha itateleza na kula kichwa. Samani nyingi za kuunganisha mwenyewe huja na PZ. Kabati la nguo nimelifunga lote kwa PZ2 ya seti hii na hakuna kichwa hata kimoja kilicholiwa. Kwangu hilo peke yake linatosha kuipendekeza.

Mpini ni mnene, una mpira, na hauponyoki mkono ukiwa na jasho. Shina la kila ncha lina pembe sita, upana milimita 6.35, kipimo cha kawaida kabisa, hivyo ncha hizohizo zinaingia hata kwenye drili.

Sumaku ndiyo dhaifu. Skrubu ndefu inaanguka ukiwa juu ya ngazi, na inaudhi kwelikweli. Ncha bapa ndogo kabisa nayo ni ya chuma laini, imeshajipinda.

Mafundi umeme, tafadhali msiitumie hii. Shina ni chuma kitupu. Tafuteni bisibisi iliyofunikwa mpaka karibu na ncha, yenye alama ya 1000 V.

Nyota nne na nusu kati ya tano ningetoa kama mtengenezaji angepunguza zile ncha za maumbo ya ajabu ambazo sijapata skrubu yake, akaweka PZ2 ya akiba, maana ndiyo inayochakaa kwanza. Kwa sasa natoa nne.