Land Rover 109 baada ya mwaka mmoja: hapana, chesisi haijaungwa

Nianze na fujo kabla ya sifa. Mwezi wa pili tangu ninunue hii gari, Series III (toleo la tatu) ya dizeli, ile ndefu ya inchi 109 toka tairi ya mbele mpaka ya nyuma, fundi mmoja hapa Kampala aliingia chini na tochi kuangalia chesisi, ile fremu inayobeba gari yote, akatoka anatikisa kichwa, "Mzee umepigwa, hii chesisi imekatwa ikaongezwa, njoo uone mistari ya welding." Usingizi ukaisha.

Kumbe mistari imezaliwa nayo! Chesisi za hizi gari za zamani zilitengenezwa kwa vyuma bapa vinne vinachomelewa kwenye kona vinakuwa boksi, kwa hiyo mshono unakimbia kwa urefu wa chesisi. Ingekuwa imekatwa mshono ungekatiza. Nilitandika katoni nikalala chini mwenyewe nikapapasa na kidole kwenye kutu na matope makavu, wa kukatiza sikupata hata mmoja. Futi kamba nayo ikasema sentimita 277 toka katikati ya tairi ya mbele mpaka ya nyuma, ndio hizo inchi 109.

Na hiyo namba ina sababu yake. Land Rover ya kwanza ya 1948 ilikuwa inchi 80, sawasawa na Jeep ya vita maana Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, na wenzake walianza kwa kuchokonoa Jeep, ila mzigo ilikuwa inabeba kidogo, ndio zikaja za mwaka 1954, fupi 86 na ndefu 107. Halafu 1956 wakaongeza inchi 2 kwenye zote kwa sababu dizeli ilikuwa njiani na inataka nafasi, yenyewe ikafika 1957. Sasa watu wanadhani hizo 2 ziko nyuma kwenye mzigo, wapi, ziko mbele kwa injini.

Kuendesha? Soroti mpaka Moroto na magunia ya mihogo mikavu, watu wanne juu yake, haijalalamika. Lakini springi zake zinakurusha vibaya ikiwa tupu, kupanda kwenda Kabale matatu zote zinakupita, tumbo linakwaa kwenye matuta makali, na kuigeuza kwenye uchochoro wa Ndeeba ni kwenda mbele kurudi nyuma mara tano huku boda wanakutukana. Spea napata soko la Kisekka hapa Kampala, mpya na zilizotolewa kwenye gari nyingine.

Nne kwa tano. Yule fundi bado ananidai hela ya ukaguzi, asubiri.