Kraun yenye nikeli, fizi iliyokataa kupona na kliniki ya Kisumu iliyonisikiliza

Tangu utotoni nikivaa hereni za bei rahisi masikio hutoa maji, na kifungo cha jinzi huniachia duara jekundu chini ya kitovu. Daktari wa kwanza kuniuliza habari hizo nilimpata kwenye kliniki moja ya meno hapa Milimani. Nilikuwa nimeenda kwa sababu ya fizi iliyovimba kuzunguka jino nililovishwa kraun, yaani kofia ya jino, kwingine, ambako hakuna aliyenieleza imetengenezwa kwa madini gani.

Kilichonipendeza ni kwamba hakukimbilia kulaumu aleji. Alipiga eksirei kuangalia mzizi, akapitisha kifaa chembamba ukingoni mwa kraun kuona kama inanasa uchafu, kwa kuwa fizi nyingi nyekundu huletwa na uchafu tu. Akanieleza pia kwamba wapo wanaowashwa na hereni lakini mdomoni chuma hakiwadhuru. Ndipo akanituma kwa daktari wa ngozi.

Huko walinibandika mgongoni vibandiko vidogo vyenye madini mbalimbali. Vinakaa saa 48, ngozi inasomwa vikitolewa, kisha inasomwa tena siku chache baadaye, maana aleji ya aina hii huchelewa kujitokeza. Muda wote huo mgongo haufai kulowa wala kutoka jasho. Kwa joto la Kisumu ni mateso, na hapo nawalaumu: wangeniambia mapema ningeomba ruhusa kazini. Palipokuwa na nikeli, chuma kinachopatikana kwenye hereni nyingi za bei rahisi, paliumuka vipele vya kuwasha. Kobalti na kromi, hakuna kitu.

Kumbe kraun nyingi zinazoonekana nyeupe zina chuma ndani chini ya kauri, na chuma cha bei nafuu mara nyingi ni mchanganyiko wa nikeli na kromi. Yangu ilikatwa kwa ganzi, msaidizi akinyonya maji na vumbi la chuma mdomoni bila kuachia, nikawekewa ya zirkonia, aina ya kauri ngumu. Ni ghali kweli, lakini fizi ilipoa ndani ya wiki chache na sasa napiga mswaki bila damu.

Waliniandikia kwenye kadi jina la kila kilichotumika. Nimeshampigia mdogo wangu Kakamega aulize mapema: anataka kufungwa waya za meno, naye hereni humwasha, na waya za nikeli na titani huwa na nikeli takriban nusu ya uzito wake.